Finjani Moja na Vipande Viwili

Buni ikikaribia kuiva hulia. Mara ya kwanza kuusikia mlio huo kwa makini nilikuwa nimekaa juu ya kigoda, uani kwa mzee mmoja muuza kahawa wa Mji Mkongwe, Unguja, alfajiri ya siku moja ya kaskazi. Kaango la chuma lilikuwa juu ya jiko la makaa, na mwiko mkononi mwake haukupumzika. Buni iliingia ikiwa na ukijani uliopauka. Ikageuka manjano, ikanukia kama nyasi kavu. Ikawa rangi ya mdalasini, harufu yake ikawa ya mkate uliotoka tanuri. Kisha ikalia, ta-ta-ta, kama bisi zinazopasuka chumba cha pili.

"Sasa inazungumza," mzee akasema.

Hakuwa na saa mkononi wala kipimajoto. Alitega sikio, akapunguza makaa, akaendelea kukoroga. Wakaangaji wa kahawa wenye mashine za kisasa wanaufahamu vizuri mlio huo: punje inapofikia joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke na gesi zilizobanwa ndani yake huipasua, nayo hutanuka. Mashine zao huandika nyuzi hizo kwenye kioo. Mzee anazijua kwa sikio, na amezijua hivyo tangu alipokuwa kijana akimfuata baba yake na ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe.

Nilikwenda kwake nikiwa na shida yangu. Kazi yangu ni kuandika na kuhariri, na kwa miaka mingi niliifanya nikiwa na kikombe kikubwa pembeni, kahawa ile ya unga inayoyeyuka kwenye maji ya moto, vijiko viwili vilivyojaa kila mara. Vikombe vilikuwa vinne kwa siku, cha mwisho baada ya magharibi. Jioni nilijiliwaza kwa chokoleti nyeusi, nikimega kipande baada ya kipande hadi ikabaki karatasi tupu. Usiku nikilala nilitazama dari, moyo ukidunda kama wa mtu aliyetoka kupanda ngazi. Daktari aliyenipima hakuniandikia dawa. Aliniuliza nakunywa nini na nakula nini, akaandika hesabu kwenye kikaratasi, akanigeuzia nikaisoma. Nilitoka pale nikiamini nimehukumiwa kuviacha vyote viwili. Muuza kahawa ndiye aliyenifundisha kwamba hukumu haikuwa hiyo.

Hesabu ya daktari ni rahisi kuielewa. Kila saa tunayokaa macho, ubongoni hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na kazi yake ni kutuletea usingizi. Kafeini huja ikakaa katika nafasi za adenosini, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Uchovu unakuwa haujaondoka. Umezuiwa mlangoni tu. Mwili wa mtu mzima mwenye afya huhitaji takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini uliyopokea, na kwa mama mjamzito huhitaji muda mrefu zaidi. Basi aliyekunywa miligramu 100 saa kumi na moja jioni bado ana 50 mwilini saa nne usiku anapopanda kitandani, na saa tisa usiku, wakati wa usingizi mzito, bado ana 25. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilikuwa kikijaa kila siku: vikombe vinne, kila kimoja zaidi ya miligramu 100, kisha chokoleti nzima ya gramu 100 iliyoongeza kama 80. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipolitazama jambo hili mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku nzima na 200 kwa mara moja, na mjamzito asizidishe 200 kwa siku. Nilikuwa nimeuvuka mpaka huo kwa miaka bila kujua kuwa upo.

Buni ilipopoa, mzee aliitia kwenye kinu. Hakuisaga iwe vumbi. Aliitwanga ikabaki na chembechembe unazozihisi ukizisugua kwa vidole. Ikiwa laini mno, alinieleza, machicha hayatuami, na kahawa inakwaruza koo. Tangawizi aliiponda kando, iliki akaipasua maganda. Maji yalipochemka alitia kahawa, akaiacha ichemke polepole, akatia viungo, kisha akaiepua akaiacha itulie. Muda huo wa kutulia ndio ulionishangaza. Alikaa, mikono magotini, hakuishika wala kuifunua. Machicha yote yalipozama chini ndipo alipoimimina taratibu kwenye dele lake la shaba, mkono ukiwa thabiti hadi tone la mwisho safi. Kilichobaki chini alikiacha kibaki chini.

Mchana tulikutana Sokomuhogo, pale watu wanapopaita Jaws Corner, mabaraza yamejaa, bao linachezwa, na habari za mpira zikigombaniwa na za siasa. Alinitilia. Finjani isiyo na mkono, ndogo, ya kushikwa kwa ncha za vidole. Niliimaliza kwa mafunda matatu, nikamnyooshea.

"Babu, nijazie hadi juu."

"Finjani haijazwi, mwanangu," akasema. "Ukitaka nyingine nitakutilia, ya moto. Lakini kahawa hainywewi kwa kiu. Mwenye kiu na anywe maji."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilikuwa nimetumia nusu ya umri wangu nikinywa kahawa kwa kiu.

Jumapili iliyofuata nilitoa mizani ya jikoni nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Punje ya arabika, ile ya miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Mbinga, huwa na kafeini takribani asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, hukaribia mara mbili ya hiyo. Rangi ya kukaanga haibadilishi sana kiasi hicho. Kahawa iliyoungua ikawa nyeusi tititi haina kafeini nyingi kuliko iliyoiva wastani, ina uchungu tu. Nikipika lita moja kwa gramu 50 za arabika, hata kafeini yote ikitoka, lita hiyo ina miligramu 600. Finjani ya mililita 50 hubeba 30. Kwa robusta itakuwa kama 55. Mtu anaweza kunywa finjani mbili za arabika asubuhi, akazungumza na jirani, akanusa tangawizi na iliki, akaondoka na kafeini ndogo kuliko ya kikombe kimoja cha kile nilichokuwa nakunywa peke yangu mezani.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ufundi ulipo. Udogo wa finjani nilikuwa nikiudhania desturi tu, au pengine kubana matumizi. Sasa naamini kila kitu kinachoizunguka finjani kimepimwa. Ni ndogo ili kahawa iishe ikiwa bado moto, kwa maana kahawa iliyopoa hupoteza harufu na kubakiza uchungu. Haitiwi sukari, na uchungu huo humfanya mnywaji anywe kwa utaratibu. Utamu huwekwa pembeni, kwenye kashata ya njugu au ya nazi, kwenye halua au tende, ili ulimi upokee kimoja, ukitamani kingine. Viungo hujaza pua na koo, kwa hiyo kahawa haihitaji kuwa nzito ili ihisike. Na finjani hunywewa barazani, kati ya watu, mahali ambapo maneno huchukua nafasi ya kujaza tena. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Finjani nayo imeundwa.

Kipimo hiki kina nasaba ndefu. Neno kahawa na neno buni yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, na katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa kahawa ili wakeshe usiku katika dhikri. Kukesha kwao kulikuwa na sababu. Pwani yetu iliurithi mwelekeo huo: kahawa ya usiku ni ya msibani, watu wanapokaa na wafiwa hadi usiku wa manane, na ya Ramadhani baada ya tarawehe, wakati mji wenyewe umeamua kutolala mapema. Oman na nchi za jirani zake huinywa kwenye finjani hizo hizo, kwa tende, na mgeni aliyetosheka hutikisa finjani kidogo mkononi ili mtiaji asimwongeze. Mwaka 2015 UNESCO iliiandikisha kahawa ya Kiarabu ya Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar katika urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika. Ninaupenda utikisaji ule wa finjani. Ni ustaarabu wenye alama ya kusema imetosha, na alama hiyo haimvunjii heshima mwenyeji.

Kagera walikuwa na njia yao hata kabla ya finjani. Wahaya huchuma matunda ya robusta, huyachemsha pamoja na majani yenye harufu, huyakausha, na kuyatafuna. Mgeni akifika hupewa kahawa za kutafuna kabla ya maneno mengi. Hupokea chache kiganjani, na zinatosha mazungumzo marefu. Pwani wanakunywa, Bukoba wanatafuna, lakini mkono unaotoa ni ule ule: unatoa kidogo, tena kwa heshima.

Kuna mafundi wa aina nyingine nao sitaki kuwapita, wale waliojitwisha kazi ya kuitoa kafeini ndani ya punje na kuiacha ladha. Kafeini yenyewe ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1819 na Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge, aliyepewa punje za kahawa na Goethe, mshairi, azichunguze. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara wa Bremen, Ludwig Roselius, aliyeamini kwamba kahawa nyingi ndiyo iliyomuua baba yake, alipata njia ya kuzifukiza punje mbichi kwa mvuke hadi zivimbe, kisha kuivuta kafeini kwa benzini, na mwaka 1906 akaanzisha kampuni ya Kaffee HAG. Benzini ilikuja kujulikana kuwa ni sumu ya saratani, ikaachwa. Njia zilizofuata ni za kupendeza kuzifikiria. Moja hutumia maji yaliyokwisha kushiba ladha zote za kahawa isipokuwa kafeini. Punje mbichi zikilowekwa humo, ladha haina pa kwenda kwa kuwa maji yamejaa ladha tayari. Kafeini peke yake ndiyo inayotoka. Nyingine iligunduliwa miaka ya 1960 na Kurt Zosel katika taasisi ya Max Planck huko Mülheim, Ujerumani. Hewa ya kaboni dayoksaidi hubanwa kwa mgandamizo wa zaidi ya mara 70 ya hewa tunayovuta na kupashwa joto kupita nyuzi 31, ikawa kitu kati ya hewa na kimiminika, kinachopenya punje na kuondoka na kafeini.

Punje zikitoka huko zimeshageuka hudhurungi hata kabla ya kuona moto. Mkaangaji amenyang'anywa rangi, ishara yake ya kwanza. Hawezi kutazama kijani kikigeuka manjano. Inambidi asikilize na anuse kwa makini zaidi, na kahawa isiyo na kafeini iliyokaangwa vizuri ni ushahidi wa mtu mwenye pua na sikio. Ulaya inataka kahawa hiyo ikishakaangwa isibakize kafeini zaidi ya asilimia 0.1, kwa hiyo kikombe chake huwa na miligramu chache tu. Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi inapatikana. Nampelekea mtu yeyote anayeniambia kwamba anaipenda harufu ya kahawa ya usiku na anauogopa usiku wenyewe.

Chokoleti nayo ilinihitaji nianze upya, na safari hii mwalimu wangu alikuwa shamba. Nimewahi kufika Kyela wakati wa mavuno ya kokoa, kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ardhi ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa mchele wake. Mikokoa imesimama chini ya kivuli cha migomba, na matunda yameota moja kwa moja kwenye shina, kama mafenesi madogo ya manjano na ya rangi ya damu ya mzee. Mkulima hupasua ganda kwa uangalifu asikate mbegu. Ndani mbegu zimefunikwa na nyama nyeupe yenye utelezi, tamu yenye uchachu unaonikumbusha stafeli. Ukiitafuna mbegu yenyewe mbichi utashangaa: ni chungu, inakausha mdomo, haina hata dalili ya chokoleti. Ladha ile tunayoijua haipo ndani ya tunda. Inatengenezwa.

Kutengenezwa kwake huanzia katika sanduku la mbao. Mbegu na nyama yake humiminwa humo na kufunikwa kwa majani ya migomba. Siku ya kwanza na ya pili hamira za porini hula sukari na kutoa kileo. Ukifunua unanusa pombe changa. Zikigeuzwa na hewa kuingia, bakteria wengine hukigeuza kileo kuwa siki, na lundo hupata joto hadi karibu nyuzi 50, mkono hauvumilii ndani. Joto hilo na siki huiua mbegu. Ikishakufa, kuta zake za ndani hulegea, vilivyokuwa vimetengana huchanganyika, na viini vya ladha ya chokoleti huanza kuundwa. Wakati huo huo sehemu ya uchungu wake, pamoja na kiasi fulani cha kafeini na theobromini, huvuja nje ya mbegu. Kazi hii huchukua siku tano hadi saba. Anayelifunua lundo mapema hupata kokoa kali yenye kuparua ulimi. Anayechelewa hupata harufu ya kuoza. Kisha mbegu huanikwa juani juu ya vichanja, zikigeuzwa na kugeuzwa kwa siku kadhaa, hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 7.

Njia ya kumjua fundi ni kisu. Punje iliyokauka hukatwa katikati. Ikiwa kahawia na yenye mipasuko kama udongo wa kiangazi, kazi imefanyika. Ikiwa zambarau, iliharakishwa. Ikiwa ya kijivu na imeshikamana kama jiwe la kunolea, haikuchachuka kabisa. Punje haijui kuficha.

Kwa muda mrefu kila mkulima alichachusha yake nyumbani kwa kadiri ya majani na muda alionao, na ladha zilitofautiana kila gunia. Mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili ilianza kazi katika kijiji cha Mbingu, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ikinunua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima wadogo na kuzichachusha mahali pamoja chini ya macho yale yale. Kokoa hiyo imefika mbali. Watengenezaji wadogo wa chokoleti, Dandelion Chocolate wa San Francisco wakiwamo, huandika Tanzania juu ya karatasi ya chokoleti yao kwa fahari, kama mtu anavyotaja ukoo wa mtu mwema. Nilipoionja chokoleti ya kokoa ya Kilombero niliona ladha ya tunda, uchachu wa ukwaju mbivu unaokuja kabla ya uchungu. Ni siku zile saba ndani ya sanduku zilizokuwa zikizungumza.

Baada ya shamba huja kazi ya karakana, nayo haina haraka. Kokoa hukaangwa, kwa joto dogo kuliko la kahawa, kisha huvunjwa na kupepetwa maganda yaondoke, kazi ambayo mama yeyote mwenye ungo angeielewa bila kuelezwa. Kiini hutiwa kwenye mashine ya mawe na kusagwa siku mbili au tatu mfululizo, hadi chembe ziwe ndogo kiasi kwamba ulimi hauwezi kuzihesabu. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt wa Bern, Uswisi, aligundua kwamba chokoleti ikizungushwa kwa muda mrefu ikiwa ya moto, ukali wa siki hupeperuka na uji wake huwa laini. Mwisho kuna kazi ya joto, na hapa mkono ukikosea nyuzi mbili kila kitu kimeharibika. Siagi ya kokoa ina namna sita za kuganda. Fundi huiyeyusha, huipoza hadi karibu nyuzi 27, kisha huipandisha taratibu hadi 31 au 32, ili ibaki namna moja tu aitakayo, ile inayong'aa, isiyoyeyuka mkononi upesi, na inayoyeyuka mdomoni. Ukiivunja hutoa mlio mkavu, ka! Buni hulia ikiiva. Chokoleti hulia ikivunjwa. Katika ufundi wote huu wawili sikio ni shahidi.

Na mimi nilikuwa nikiitafuna. Kazi ya wiki mbili za mkulima na siku kadhaa za fundi, nikaimaliza kama karanga, macho yakiwa kwenye kompyuta. Siku hizi naweka kipande ulimini na kukiacha. Siagi yake huanza kulegea karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo hakihitaji meno. Kwanza hakuna kitu. Kisha uchachu, kisha uchungu wa pole, kisha ladha inayokaa kooni kwa dakika kadhaa baada ya kipande kwisha. Vipande viwili, gramu 20 za chokoleti ya asilimia 70, vina kafeini kama miligramu 16. Theobromini yake ni kama mara kumi ya hiyo, lakini nguvu yake ni ya upole, haimgutushi mtu kama kafeini. Carl Linnaeus alipoupa mkokoa jina la kitaalamu mwaka 1753 aliuita Theobroma, yaani chakula cha miungu. Hakuna sababu ya kukila chakula cha miungu mbiombio.

Vyote viwili vina adabu ya kukutanishwa. Ukinywa kahawa kwanza, ulimi huzoea uchungu na chokoleti huonekana tamu kupita ilivyo. Ukianza na chokoleti na kuiacha iyeyuke nusu, kisha ukapiga funda dogo la kahawa ya moto, joto huimalizia siagi iliyobaki na harufu zote mbili hupanda puani kwa pamoja. Arabika ya Kilimanjaro, yenye uchachu wake, hupatana na chokoleti yenye ladha ya tunda. Kahawa yenye tangawizi hutaka chokoleti nzito zaidi, la sivyo tangawizi hutawala. Sukari haina nafasi kwenye meza hii. Wala kikombe kikubwa.

Desturi yangu sasa ni finjani mbili asubuhi, ya pili kabla ya adhuhuri, na vipande viwili vya chokoleti pamoja na hiyo ya pili. Jumla haifiki miligramu 80, ambapo zamani nilikaribia 500. Sikupunguza kwa siku moja. Nilishusha kikombe kimoja kila wiki, kwa maana anayekata ghafla huumwa kichwa. Nikitaka harufu ya kahawa usiku, napika ile isiyo na kafeini kwa iliki nyingi. Nalala. Na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba nafurahi zaidi kuliko nilipokuwa nakunywa bila kipimo, kwa kuwa sasa najua ninachokionja na najua mikono iliyokipitia.

Msomaji wangu, kama kahawa inakunyima usingizi, usiikimbie. Mtafute muuza kahawa wa mtaa wako, yule unayemsikia akigonganisha vikombe kabla hujamwona, ukae naye hadi finjani yako iishe. Ukinunua chokoleti nyeusi, soma karatasi yake uone kokoa ilitoka wapi, na umkumbuke aliyesubiri siku saba kando ya sanduku. Kidogo chao kimepimwa na watu wanaoijua kazi yao. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili. Na ukitosheka, tikisa finjani.